Nano haionekani kwa macho, sasa mwalimu aifundisheje?

Siku hizi nano iko kila kona. Ukienda kusajili laini unaulizwa unataka nano au ya kawaida, saluni kuna nanoplastia ya nywele, kwa mafundi simu kuna vioo vya nano, mtandaoni wanauza gundi ya nano ya kubandika picha ukutani, na tangu kipindi cha Korona kuna ile habari iliyozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba chanjo zina nano, yani chipu, ya kumfuatilia mtu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anakutana na haya yote huko mtaani, halafu siku moja anamuuliza mwalimu wake wa kemia, "Mwalimu, hivi hii nano ni kitu gani hasa?" Na mwalimu, ambaye mara nyingi naye chuoni hakufundishwa hii mada, anabaki na njia mbili, akisie au aseme hiyo haipo kwenye muhtasari.

Ndo maana likija suala la kuwapa walimu wa sayansi wa sekondari mafunzo ya kufundisha nanoteknolojia kwa zana za kidijitali, watu wanachanganyikiwa mara mbili. Kwanza nano yenyewe hawaielewi, pili wanadhani zana za kidijitali maana yake ni kununua mitambo ya mabilioni au kumwekea mwalimu projekta na kumwambia haya endelea. Tuanze taratibu, kitu kimoja kimoja.

Nano ni kipimo

Nanomita moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni moja. Kucha ya kidole chako inakua kwa wastani wa kama nanomita moja kila sekunde, kwa hiyo toka umeanza kusoma makala hii kucha zako zimeshaongezeka nanomita kadhaa na wala hujahisi kitu. Unywele wa binadamu una unene wa kama nanomita 80,000 hadi 100,000, seli nyekundu ya damu ina upana wa kama 7,000, kirusi cha UKIMWI ni kama 100 hivi, na ule uzi wa DNA unaobeba urithi ndani ya seli una unene wa 2 tu. Wanasayansi wakisema nano mara nyingi wanazungumzia vitu vyenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100, na nanoteknolojia ni ujuzi wa kuvitengeneza, kuvipanga na kuvitumia vitu vya saizi hiyo kwa makusudi.

Sasa chukua ile laini ya nano ya simu. Ina urefu wa milimita 12.3 na upana wa milimita 8.8. Ukiubadilisha ule upana uwe nanomita unapata milioni 8.8. Kwa hiyo haina uhusiano wowote na nanoteknolojia, ni jina la biashara la kusema ni ndogo kuliko ile ya kabla yake, basi. Mimi naona hii ndo hesabu ya kwanza kabisa ambayo mwalimu angeitoa darasani, kwa sababu kila mwanafunzi ameshaishika ile laini mkononi, ana rula, na kubadilisha vipimo anakujua tangu kidato cha kwanza.

Ila udogo peke yake haungeleta kelele zote hizi. Kinachofanya nano iwe somo la kujitegemea ni kwamba kitu kilekile kikifika saizi hiyo kinabadilika tabia. Dhahabu tunaijua ni ya njano, inang'aa, na inayeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi. Ukiifanya chembe za kama nanomita 20 na ukazitawanya kwenye maji, yale maji yanakuwa mekundu. Na chembe zikiwa ndogo zaidi, za nanomita mbili au tatu, hata joto la kuyeyukia linashuka kwa mamia ya nyuzi. Ni dhahabu ileile, hujaichanganya na kitu, kilichobadilika ni ukubwa tu.

Na hii dhahabu nyekundu wengi wetu tumeshaiona bila kujua. Ukienda zahanati na homa wanakutoboa kidole, wanaweka tone kwenye kile kipimo cha MRDT, yani kipimo cha haraka cha malaria, wanaongeza dawa, mnasubiri dakika kadhaa, mstari mwekundu unatokea. Kwenye vipimo vingi vya namna hiyo, pamoja na vya mimba, ule wekundu ni chembe za nano za dhahabu. Zimevalishwa kingamwili zinazokamata kile kinachotafutwa, mfano protini ya vimelea vya malaria, halafu zinasafiri na unyevu kwenye kile kikaratasi, zikifika kwenye mstari zinanaswa na kurundikana hapo, na zikirundikana ndo jicho linaona wekundu. Mwalimu wa bailojia, wa kemia na wa fizikia wote wana kipindi kizima ndani ya kile kiplastiki.

Sababu nyingine ya tabia kubadilika ni eneo la uso. Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande, uso wake wote jumla ni sentimita za mraba 6. Ukate uwe vimchemraba vya milimita moja moja, jumla inakuwa 60. Endelea kukata mpaka vifike nanomita moja na jumla ya uso inakuwa mita za mraba 6,000, yani karibu uwanja mzima wa mpira, na umetoka kwenye kitu ulichokuwa umekishika kwa vidole viwili. Kwa kuwa mmenyuko wa kikemia unatokea kwenye uso, unaona mwenyewe kwa nini vichocheo, vichujio vya maji na betri vinapenda sana vitu vya nano.

Kwa nini inamshinda mwalimu mzuri

Ugumu uko hapa. Somo la sayansi tumezoea lianze na kitu cha kuona, mwanafunzi akichanganya asidi na besi anaona rangi inageuka, akipasua chura anaona moyo. Hadubini ya shuleni, hata iwe mpya ya kung'aa, inatumia mwanga, na mwanga wenyewe mawimbi yake ni ya nanomita kama 400 hadi 700, kwa hiyo kitu kilicho chini ya nanomita 200 hivi hadubini ya mwanga ya kawaida haiwezi kukionyesha vizuri hata ungeiongezea lenzi kiasi gani. Nano imekaa chini ya hapo.

Sasa wataalamu wao wanaionaje? Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, wakiwa maabara ya IBM kule Zurich, walitengeneza hadubini ambayo haitumii mwanga kabisa. Ina ncha nyembamba sana ya chuma inayopita juu ya kitu bila kukigusa, umeme kidogo unaruka kati ya ncha na uso wa kile kitu, na kadiri ncha inavyokaribia umeme unaongezeka, ikiwa mbali unapungua. Kompyuta inachukua hizo namba inachora mabonde na milima. Walipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 1986. Mwaka 1989 Don Eigler, naye wa IBM, akatumia hadubini ya aina hiyo kusogeza atomu 35 za gesi ya zenoni moja moja mpaka zikaandika herufi za jina la kampuni.

Angalia basi kilichotokea hapo. Mtaalamu mwenyewe hakuiona atomu kwa jicho lake, aliona namba zilizogeuzwa kuwa picha kwenye skrini. Kwa hiyo wale wanaosema zana za kidijitali shuleni ni kiini macho cha kuficha kwamba hatuna maabara, hawajaipata vizuri. Kwenye kasi ya mmenyuko wa kikemia ndiyo, video haiwezi kuchukua nafasi ya kopo na asidi. Kwenye nano skrini ni sehemu ya sayansi yenyewe, na anayejifunza kuisoma kwenye kompyuta picha ya hadubini ya elektroni, yani ile inayotumia elektroni badala ya mwanga, anafanya kazi ileile anayoifanya mtafiti, tofauti ni kwamba sampuli imepigwa picha na mtu mwingine.

Kuna orodha moja nzuri iliyotolewa mwaka 2009 na Shawn Stevens, LeeAnn Sutherland na Joseph Krajcik wa Marekani, ya mawazo makuu tisa ambayo mwalimu wa sekondari anapaswa kuyashika kwenye nano. Kuna ukubwa na vipimo, muundo wa mata, nguvu kati ya chembe, tabia zinazotegemea ukubwa, na mengine. Mawili kati ya hayo tisa ni vifaa vya kupimia, na modeli pamoja na simulesheni, yani maigizo ya kitu halisi kwenye kompyuta. Yani kujua modeli ni nini na inadanganya wapi ni sehemu ya mada, siyo mbinu ya kufundishia tu. Semina nyingi hili zinalipita juujuu na mimi naona ndo roho ya jambo zima.

Semina inayofundisha vitufe

Semina za TEHAMA kwa walimu tunazijua zinavyoenda. Siku ya kwanza kufungua kompyuta, siku ya pili PowerPoint, siku ya tatu namna ya kutafuta video, cheti, posho, kwaheri. Mwalimu anarudi shuleni anajua vitufe lakini hajui kitufe kipi kinasaidia mada ipi, na baada ya wiki mbili kishikwambi kinabaki cha kupokelea meseji.

Wataalamu wa elimu walishalifikiria hili zamani. Mwaka 1986 Lee Shulman alieleza kwamba kujua somo ni kitu kimoja, kujua namna ya kulifundisha somo hilo ni kitu kingine, na mwalimu anahitaji pale viwili vinapokutana. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wakaongeza la tatu, teknolojia, wakasema ujuzi wa kweli uko pale vyote vitatu vinapokutana. Mfano mwalimu anajua dhahabu ya nano ni nyekundu, hilo ni somo. Anajua wanafunzi wake watadhani ni rangi imewekwa au ni kutu, hilo ni ufundishaji. Anajua kuchukua picha ya hadubini ya chembe zile, akawapa vijana wazipime wenyewe kwenye kompyuta ili waone zina nanomita ngapi, hilo ni teknolojia. Ukimfundisha la tatu peke yake umempa nyundo bila kumwambia nyumba iko wapi.

Kwa hiyo mafunzo yanayofaa yanaanza na swali la mwanafunzi, yanapita kwenye sayansi, ndo yanafika kwenye programu. Na mwalimu mwenyewe akae kwanza kwenye kiti cha mwanafunzi, afanye lile zoezi akosee, abishane na wenzake, kabla hajaambiwa namna ya kulifundisha.

Zoezi moja kwa karibu

Nichukue ImageJ, programu ya bure iliyotengenezwa kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani kwa ajili ya kupima picha za kisayansi. Inafanya kazi bila intaneti na kompyuta ya zamani inaiweza. Mwezeshaji anakuja na picha ya chembe za dhahabu iliyopigwa na hadubini ya elektroni, na pembeni chini ya picha hizi huwa kuna kimstari kilichoandikwa urefu wake, tuseme nanomita 100.

Mwalimu anafungua picha, anachagua kifaa cha kuchora mstari ulionyooka, anaburuta mstari juu ya kile kimstari kutoka ncha hadi ncha. Halafu anaenda kwenye menyu ya uchambuzi, anachagua kuweka skeli, anaandika 100 kwenye umbali unaojulikana na nm kwenye kipimo. Toka hapo kompyuta inajua pikseli ngapi, yani vile vidoti vinavyounda picha, ni nanomita ngapi. Anachora mstari juu ya chembe moja kupitia katikati, anabonyeza M, namba inatokea kwenye jedwali. Chembe ya pili, M. Ya tatu, M. Wakishapima hamsini wanahamishia kwenye Excel, wanatafuta wastani, wanachora grafu.

Na sasa ndo yanakuja yale maswali yenye thamani. Kundi la kwanza limepata wastani tofauti na kundi la pili kwenye picha ileile, kwa nini? Kwa sababu mmoja alipima mpaka kwenye ukungu wa pembeni na mwingine aliishia kabla. Chembe mbili zilizogusana ni mbili au moja? Ile ndefu kama yai tunapima upande upi? Mbona hazilingani wakati kwenye kitabu atomu na chembe zote huchorwa duara safi? Mwalimu ambaye ameshayapitia haya mabishano kwenye semina hatashtuka yakimtokea darasani, na atakuwa amefundisha makosa ya upimaji, takwimu na nano kwa kipindi kimoja, kwenye mada ambazo tayari ziko kwenye azimio lake la kazi.

Lile la eneo la uso halihitaji hata programu mpya. Ni Excel tupu, safu moja ya urefu wa upande, safu nyingine ya jumla ya uso, wanafunzi waone namba inavyopanda kila wakikata. Wafanye kwanza kwa viazi na kisu mpaka kisu kishindwe, halafu kompyuta iendelee kukata.

Simu ni zana, jani ni sampuli

Kuna kitu napenda sana walimu wakijue, kwamba maumbo ya nano yapo shambani na ukutani. Jani la mgimbi, Kenya wanaita nduma, ukilidondoshea maji yanakuwa vijidonge vinaviringika na kuondoka na vumbi, jani linabaki kavu. Uso wake una vinundu vidogo sana na juu yake kuna vifuwele vya nta vyenye vipimo vya nano, kwa hiyo tone la maji linakaa juu ya ncha zake na hewa imebaki chini. Mwanafunzi achukue simu, aweke kwenye mwendo wa polepole, arekodi tone likidondoka. Halafu asugue sehemu ya jani kwa kidole chenye sabuni ya unga, asuuze, arekodi tena. Pale paliposuguliwa maji yanatanda. Hiyo ni video ya sekunde chache inayoweza kufungua mjadala wa vipindi viwili kuhusu mvuto wa uso wa maji na mshikamano, mada ambazo fizikia inazo siku zote.

Mjusi kafiri naye anatembea darini kichwa chini na hana gundi. Vidole vyake vina vinywele vingi mno ambavyo kila kimoja kinagawanyika kwenye ncha bapa za upana wa kama nanomita 200, zinakaribia ukuta kiasi kwamba ile nguvu dhaifu ya kuvutana kati ya molekuli inatosha kumshikilia. Timu ya Kellar Autumn ilitoa ushahidi wa hilo mwaka 2002. Hapo ndo mwalimu anafungua simulesheni ya PhET ya nguvu kati ya atomu, wanafunzi wanasogeza atomu mbili karibu wanaona mshale wa kuvutana unakua, wakizidisha wanaona zinasukumana, wakiziweka mbali mvuto unapotea. Sasa ile nguvu ya mjusi imepata maelezo.

PhET ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman mshindi wa Nobeli ya Fizikia, ni bure, kuna simulesheni zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na zile mpya unapakua faili moja inafunguka kwenye kivinjari cha simu au kompyuta bila bando. Kuna pia nanoHUB ya Chuo Kikuu cha Purdue, nayo ya tangu 2002, ni nzuri sana ila imejengwa zaidi kwa vyuo vikuu na inataka intaneti, mwalimu wa kidato cha pili asianzie huko atakata tamaa bure.

Skrini inadanganya wapi

Hapa semina ingetoa nusu siku nzima. Kwenye simulesheni atomu ni vimpira vya rangi, vimepangwa kwenye nafasi nyeupe, vinaenda kwa mwendo ambao jicho linaweza kufuata. Atomu halisi haina rangi kabisa, ni ndogo mno kuliko wimbi la mwanga. Haina ngozi ngumu kama mpira. Mwendo wake ni wa kasi ambayo simulesheni imeipunguza mno ili tuione. Na zile picha za hadubini unazoona mtandaoni, za bluu na dhahabu za kupendeza, rangi imewekwa na kompyuta baadaye, picha za elektroni zenyewe zinatoka nyeusi na nyeupe.

Mwalimu asipoyasema haya, mwanafunzi anaondoka akiamini oksijeni ni nyekundu kwa sababu ameiona nyekundu kwenye skrini. Njia nyepesi ninayoiona inafaa ni kila baada ya simulesheni wanafunzi waandike safu mbili, modeli hii imeonyesha nini sawasawa, na imeficha au kurahisisha nini. Dakika tano tu. Mwalimu kwenye mafunzo afanye hivyo kwa kila zana anayofundishwa, na asiruhusiwe kuandaa andalio la somo lenye simulesheni bila hizo safu.

Maneno ya mtaani

Turudi kwenye chanjo sasa. Chanjo za Pfizer na Moderna kweli zina chembe za nano, na hapo ndo uvumi ulipopata mguu wa kusimamia. Ila chembe hizo ni vitone vya mafuta vya kama nanomita 100, vinabeba mRNA, yani molekuli yenye maelekezo ya kutengeneza protini, kuiingiza kwenye seli, kwa sababu mRNA ikienda peke yake mwili unaiharibu mapema. Katalin Karikó na Drew Weissman walipata Nobeli ya Tiba mwaka 2023 kwa ugunduzi wao kuhusu mRNA uliofanya chanjo hizi ziwezekane. Kitu cha kumfuatilia mtu kingehitaji chanzo cha umeme na antena ya kufikisha mawimbi mpaka kwenye mnara, na tone la mafuta halina hivyo. Mwalimu akiwa na ile ngazi ya vipimo kichwani anaweza kulijibu hili kwa utulivu bila kumdharau mzazi aliyeliuliza.

Kuna wanaodhani nano ni kitu cha juzi. Kwenye British Museum kule London kuna kikombe cha Warumi cha karne ya 4, kikipigwa mwanga kwa mbele ni cha kijani, mwanga ukitokea nyuma kinakuwa chekundu, na kinachofanya hivyo ni chembe za nano za dhahabu na fedha ndani ya kioo. Mafundi wale hawakuijua nanomita, walijua matokeo. Jipya ni kwamba sisi tunapima na tunapanga.

Halafu kuna pande mbili zinazogombana, mmoja anasema nano ni sumu, mwingine anasema ni muujiza wa kila kitu. Yote mawili hayafundishiki. Usalama unategemea ni chembe ya nini, saizi gani, inaingilia wapi mwilini, kwa kiasi gani. Umoja wa Ulaya mwaka 2022 uliiondoa titani dioksidi kwenye vyakula, ile ya kung'arisha weupe, kwa kuwa haikuwezekana tena kusema kwa uhakika ni salama kuliwa, na sehemu ya chembe zake ni za nano. Lakini kitu hichohicho bado kinatumika kwenye rangi za ukutani na mafuta ya kujikinga na jua. Huo ni mjadala mzuri wa darasani, na kwa maabara ya shule kanuni ni nyepesi, unga mkavu wa nano usifunguliwe darasani, tumieni vimiminika, picha na majani.

Na wanaosema ni mambo ya Wazungu hayatuhusu, waende Arusha. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza kichujio kinachounganisha mchanga na vitu vya nano, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, zawadi ilikuwa pauni 25,000. Ukanda ule maji yana floraidi nyingi, watoto wanakua meno yana rangi ya kahawia. Mada ya kusafisha maji iko kwenye kemia miaka yote. Mwalimu wa pale anahitaji nini zaidi ya hapo kuanza somo?

Nani awafundishe, na itoke wapi nafasi

Afrika Kusini walianza kuipeleka nano kwa umma na mashuleni mwaka 2008 kupitia mpango maalumu wa serikali wa kuelimisha jamii. Kenya wana CEMASTEA pale Karen, Nairobi, kituo cha kuwapa mafunzo walimu wa hisabati na sayansi, kilichotokana na mradi wa SMASSE wa kuimarisha masomo hayo sekondari ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Japani, na utaratibu wao unasisitiza shughuli, mwanafunzi katikati, majaribio na kubuni vifaa vya gharama ndogo, ambao nano inaingia humo bila kulazimishwa. Tanzania tuna MEWAKA, yani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu wanajifunza pamoja shuleni kwao au kwenye klasta, yani kundi la shule jirani, badala ya kusubiri semina ya mkoa. Na vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu baadaye, kwa hiyo kusema hakuna kabisa kifaa si kweli kwa shule nyingi.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la mtihani, kwamba haitoki kwenye mitihani ya taifa ya NECTA, kwa nini nipoteze vipindi. Naielewa hofu hiyo, mwalimu anapimwa kwa matokeo. Ila ukiangalia mifano yote hapo juu hakuna iliyohitaji mada mpya. Eneo la uso linafundisha kasi ya mmenyuko. Jani la mgimbi linafundisha mvuto wa uso. MRDT inafundisha kingamwili. Kupima chembe kunafundisha vipimo na makosa ya upimaji. Nano inaingia kama mfano ndani ya mada zinazotahiniwa, na mafunzo yakimuonyesha mwalimu hizo sehemu za kuchomekea kwenye azimio lake mwenyewe, lile alilokuja nalo kwenye begi, atazitumia. Yakimletea kitini cha kurasa mia mbili kuhusu nano peke yake, kitabaki kabatini.

Kitu cha mwisho ni baada ya semina. Mwalimu arudi na somo moja tu alilolipanga, alifundishe, mwenzake wa idara akae nyuma aandike wanafunzi waliuliza nini na zana ilikwama wapi, halafu wakutane tena baada ya wiki kadhaa walizungumze na kulirekebisha. Somo moja lililorekebishwa mara mbili lina faida kuliko programu kumi zilizoonyeshwa mchana mmoja. Umeme ukikatika kipindi kikiwa katikati kuwe na picha zilizochapishwa na rula, skeli inapimika kwa mkono vilevile. Na mwezeshaji asimwachie mwalimu orodha ya linki akatumie bando lake, amwekee kila kitu kwenye flashi kabla hajaondoka, ImageJ, picha za hadubini zenye kimstari cha skeli, faili za PhET na jedwali la Excel, vyote vinaingia kwenye flashi ya GB 4 na nafasi inabaki.